Safari ya Kilema: mafungo ya Mlutheri kwa masista

Watu kadhaa waliniuliza mwezi wa saba nilipotelea wapi hadi simu ikawa haipatikani. Nikiwajibu "mafungo", yaani siku za kujitenga na kusali, wanauliza kama nataka kuwa sista. Basi nimekaa na daftari langu na picha za kwenye simu, nikayapanga haya siku kwa siku. Bei ni za wakati niliopita mimi. Mkikuta zimepanda msinilaumu.

Kwa asiyenifahamu: nina kibanda cha wakala wa pesa Tabata, pamoja na steshenari kidogo. Kabla ya safari hii nilikuwa nafungua saa 1 asubuhi, nafunga saa 4 usiku, Jumapili ikiwemo. Jumapili yenyewe naingia ibada ya kwanza, nikitoka kuna kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa, halafu mazoezi ya kwaya, halafu nakimbilia dukani kuangalia hesabu na dada anayenisaidia. Ilifika mahali mteja ananipa noti, nabaki nimeishika, sikumbuki kama alisema anaweka au anatoa. Hospitali wakapima presha, sukari, damu, wakasema niko salama. Rafiki yangu Mkatoliki ndiye aliyenipa namba ya nyumba ndogo ya mafungo ya masista, Kilema, upande wa Vunjo. Nilipopiga, sista aliyepokea aliniuliza swali moja tu: "Ndizi unakula?"

Alhamisi: Mbezi hadi Himo

Basi la saa 12 asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nauli 42,000, tiketi nilikata siku moja kabla kwa simu. Mnaotoka mjini ingizeni kwenye bajeti usafiri wa alfajiri wa kufika Mbezi, maana saa 10 na nusu usiku daladala ni za kubahatisha. Bajaji kutoka Tabata ilinitoka 15,000.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa bibi wa Rombo, khanga mbili na sweta juu yake, na joto la Kibaha lile. Kabla ya Mlandizi alikuwa ameshafungua kopo la vitumbua na kuniwekea viwili mkononi bila kuniuliza.

"Unakwenda msiba wa nani, mwanangu?"

Anayewajua watu wa Kilimanjaro anaelewa swali hilo linatoka wapi. Desemba wanapanda kula sikukuu. Miezi mingine ukimwona mwanamke yuko ndani ya basi na khanga yake, kuna mtu kafariki. Nikamwambia hapana bibi, nakwenda kupumzika.

"Unaumwa?"

"Siumwi, bibi."

"Mumeo anajua?"

Nilicheka mpaka kondakta akageuka.

Chalinze, Wami, Mkata, Segera, sina la kuandika zaidi ya machungwa. Korogwe tulipewa dakika 20 za chakula: wali kuku 9,000, soda 1,000. Nina picha ya hapo ambayo niliipiga bila kukusudia. Karibu abiria wote wamesimama, sahani mkono mmoja, simu sikioni, na mimi kivuli changu kinaonekana chini kikifanya hivyohivyo. Ushauri: shukeni mapema mkae foleni ya choo kwanza, chakula baadaye, la sivyo mtakula mnakimbia.

Tulipoipita Hedaru tairi la nyuma likapasuka. Jeki ilikuwepo, spana yake ikawa haipo, ikabidi isubiriwe kutoka basi lingine lililokuwa nyuma yetu. Jua la tambarare ya Upare hata mwezi wa saba halina huruma. Kando ya barabara kulikuwa na mama mmoja mwenye genge. Alitoa mkeka wake na viti vya plastiki, akawaketisha wazee na wenye watoto chini ya mkwaju wake, akaleta ndoo ya maji yenye mfuniko na kikombe kimoja kilichofungwa kamba. Kaka mmoja akataka kumpa 2,000. Mama akasema maji hapa hayauzwi, kama mnataka kutoa hela nunueni nyanya. Tukanunua nyanya hadi meza ikabaki tupu, na basi zima likaingia Same linanuka nyanya.

Katika muda ule mimi nilipiga simu dukani mara kwa mara kuuliza kama floti, salio la kuhudumia wateja, inatosha. Bibi wa Rombo alilala kwenye mkeka, kiganja chini ya shavu, akaamshwa tairi lilipokazwa.

Mnaokwenda Kilema, Marangu au Rombo msifike Moshi mjini. Shukeni Njia Panda ya Himo, mtaokoa muda na nauli. Giza lilikuwa limeingia, magari ya kupanda juu yamekwisha, nikalala gesti ya Himo kwa 20,000, maji ya moto wanakuletea kwenye ndoo. Bibi alipokelewa na mjukuu wake. Kabla hajaondoka aliniwekea vitumbua vilivyobaki kwenye mfuko, akasema kwa nyumba za masista sijui kama wanashibisha.

Ijumaa: kupanda Kilema

Hiace 2,000. Ndani: watu, gunia la pumba, kuku, na televisheni iliyopakatwa na mwenyewe. Ukitoka Himo kwenye vumbi na mahindi yaliyokauka, hewa inabadilika polepole. Kwanza miti inakuwa mingi, kisha migomba inaanza kugusa vioo pande zote mbili, na chini yake kahawa. Watu wakaanza kuvaa masweta waliyokuwa wamekalia. Bodaboda ya mwisho 2,000, na kijana hakuondoka hadi alipoona geti limefunguliwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema sista.

"Bwana asifiwe," nikajibu kwa mazoea, tukabaki tunatazamana.

"Hapa tunaitikia 'Milele amina'," akasema huku anacheka, ameshachukua begi langu. "Karibu, Mlutheri."

Chumba kina kitanda, meza, kiti, msalaba, Biblia na mablanketi mawili mazito. Mtayahitaji nyote, Julai huku juu si mchezo. Gharama ni 35,000 kwa siku, kulala na kula. Sebuleni kuna kikapu cha kuwekea simu, hulazimishwi. Niliiweka siku hiyohiyo, nikawa naichukua wakati wa kutoka matembezi kwa ajili ya picha.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ratiba. Kwetu ukisema unakwenda kumtafuta Mungu maana yake ni semina, mkesha, maombi ya sauti, na daftari la kuandika pointi. Sista anayewasimamia wageni, mtu wa umri wa mama yangu, aliniuliza jana nimelala saa ngapi. Na juzi? Na wiki iliyopita? Nikamjibu. Hakusema kitu juu ya majibu yangu. Akanipa kikaratasi kimeandikwa kwa mkono: 1 Wafalme 19, mstari wa 1 hadi wa 8. "Ukimaliza kusoma, lala. Kengele ya chakula utaisikia."

Sura hiyo naijua tangu shule ya Jumapili. Eliya amewashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, Yezebeli anaapa kumuua, nabii anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mretemu na kumwomba Mungu amchukue roho. Mahubiri yote niliyowahi kusikia yanapita hapo mbiombio kwenda Horebu, kwenye upepo, tetemeko, moto na ile sauti ndogo. Sista alikuwa amenikatia mstari wa 8, kabla ya Horebu. Ukikomea hapo unaona jambo jingine kabisa. Malaika anakuja kwa mtu aliyekata tamaa ya kuishi na hamwambii neno la kumkemea wala la kumfundisha. Anamgusa, anamwambia inuka ule. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya anakula, anakunywa, analala tena, na malaika anamwacha alale. Anarudi mara ya pili na chakula kilekile, na ndipo anamtajia safari, kwamba ni kubwa mno kwake.

Nililala tangu adhuhuri. Kengele iliponiamsha giza lilikuwa linaingia na sikujua niko wapi. Chakula kilikuwa mtori mzito wenye nyama ya mfupa, bakuli la pili unajipakulia mwenyewe.

Baada ya hapo wakaniita kanisani kwao, chumba kidogo tu, kwa masifu ya jioni. Zaburi wanazisoma kwa pande mbili, upande huu mstari mmoja, upande ule mstari unaofuata. Na katikati ya kila mstari wanatulia, pumzi moja nzima, ndipo wamalizie nusu iliyobaki. Sikuwa nimewahi kuona kitu hicho. Kila walipotulia sauti yangu ilikuwa imeshavuka upande wa pili, peke yake. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Kufikia zaburi ya pili nilikuwa nawasubiri, na nikagundua nilikuwa nimebana mabega muda wote, labda miaka yote.

Jumamosi: zamu ya maji

Asubuhi sista alitukusanya wageni, tulikuwa wachache, akatufundisha kusoma Maandiko polepole. Njia yenyewe ni ya watawa wa zamani. Mtawa mmoja wa karne ya 12, Guigo, aliipanga kwa hatua 4: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia mbele za Mungu bila maneno. Mnachukua kipande kifupi mnakisoma kwa sauti, mnanyamaza, mnakisoma tena. Mara ya pili nilikuwa nimechoka. Mara ya tatu ndipo nilipoanza kusikia.

Kipande kilikuwa Marko 6, pale wanafunzi wanaporudi kutoka walikotumwa. Watu wanakuja na kuondoka hadi hawana nafasi ya kula, na Yesu anawaambia waende faraghani "mkapumzike kidogo". Wanapanda mashua. Sasa, aliyesoma anajua kilichotokea: watu wakawaona, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia. Wanashuka wanakuta umati unawasubiri. Kaka mmoja kutoka Arusha, mfanyakazi wa benki, akasema basi hayo mapumziko hayakuwepo. Sista akamjibu kwamba yalikuwepo, yalikuwa mle mashuani.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kuliko yote niliyoyasikia huko. Kuna mahubiri yanayoahidi kwamba ukimkabidhi Bwana kila kitu mizigo inatoweka. Mimi wateja wangu najua hawatoweki, wala sitaki watoweke, ndio wanaonilisha. Ila mashua naweza kupanda.

Mchana nikatembea hadi kanisa la parokia. Kilema ni mahali pa zamani: Johannes Rebmann, yule mmisionari aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848 na Ulaya wakambishia, alipokelewa hapa na Mangi Masaki (mangi ni mtawala wa Wachaga). Mwaka 1890 wakaja Mapadre wa Roho Mtakatifu, Mangi Fumba akawapa mahali, na misheni yao ndiyo ya kwanza ya Kikatoliki mlimani. Kahawa nayo wenyeji wanakuambia ilianzia kwenye shamba la misheni hiyo. Walutheri wenzangu msikate tamaa, wamisionari wetu wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893.

Kutoka pale nikafuata njia ya miguu kati ya vihamba, yale mashamba ya familia ya migomba na kahawa, bila kujua inakwenda wapi. Mlima wenyewe haukuonekana, ukungu mtupu. Nikamkuta mzee amekaa kwenye gogo kando ya mfongo, jembe limelala miguuni pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, natembea tu."

Aliniangalia kwa kunihurumia kidogo, akasogea nikae.

Mfongo ni mfereji wa udongo. Maji yanachepushwa mtoni juu kabisa, yanateremka kwa kufuata kona za mlima, na kila kihamba kina zamu yake ya kuyachukua. Kuna wazee wanaosimamia zamu, na mfereji ukibomoka watu wote wanaoutumia wanatoka kuukarabati. Anayefungua maji nje ya zamu anatozwa faini. Nikamuuliza zamu yake ni lini. Saa 10, akasema. Nikaangalia saa: ilikuwa saa 8.

"Sasa mbona umewahi hivi, mzee?"

"Nyumbani kuna kelele."

Tukakaa. Aliniambia kidogo kuhusu bei ya kahawa, na kwamba baba yake alipeleka kahawa kwenye ushirika wa KNCU enzi ambazo kahawa ilisomesha watoto. Watoto wake wako Dar, wanampigia kwa video na wanamwambia haonekani vizuri. Kisha hatukusema kitu kwa muda mrefu na haikuwa shida. Saa 10 ilipofika hakuangalia saa, alisikia mtu akipiga mluzi juu huko. Akaingia mferejini na mabuti yake, akang'oa kizibo cha shina la mgomba na udongo kwa mikono. Kwanza yalikuja majani makavu na povu la kahawia, yakasita kwenye mdomo wa shamba, kisha maji yenyewe yakaingia yakizunguka mgomba wa kwanza, yakaupita, yakaenda wa pili. Yeye anayafuata na jembe, anachana kidogo huku, anaziba kidogo kule.

"Haya mwanangu, aika," akasema, yaani asante. "Sasa nina kazi."

Jumapili: jiko halikuwashwa

Misa saa 3. Kanisa limejaa hadi nje, kwaya nzuri, na mimi wakati wa komunyo nikabaki kwenye benchi kama inavyompasa mgeni. Baada ya Misa ukaja mnada wa sadaka za mazao, mkungu wa ndizi, mayai, jogoo. Kama hamjawahi kuona Wachaga wakishindania mkungu wa ndizi ambao kila mmoja anao nyumbani kwake, nendeni. Nilipata parachichi kwa 3,000 baada ya kupigana na baba mmoja mwenye suti.

Tukarudi kwa chakula cha mchana. Mezani kulikuwa na kiburu kilichopikwa jana yake, ndizi na maharage, cha baridi. Parachichi, maziwa mgando, na kahawa ya kwenye chupa. Jikoni hakuna moto. Mama mpishi, ambaye siku zote tulimwona na aproni na kitambaa kichwani, alikuwa amekaa mezani nasi amevaa gauni la kitenge na hereni, anahudumiwa. Vyombo, tukaambiwa, tutaosha wageni.

Yule kaka wa benki hakupenda. Kwa upole lakini kwa kusikika akasema kwamba amelipa 35,000 kwa siku na Jumapili ndiyo siku mtu anatarajia pilau. Sista hakukasirika. Alikwenda kuchukua Biblia, akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 5, akampa asome mwenyewe.

Sote tunaijua amri ya Sabato kwa ile ya Kutoka 20, kwamba Mungu aliumba kwa siku 6 akapumzika ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu ni nyingine. Amri inataja wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako na mjakazi wako, ng'ombe, punda, na mgeni aliye malangoni mwako, ili watumishi wapumzike kama wewe. Kisha inasema kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Watu waliokuwa wanafyatua matofali ya Farao bila siku ya kupumzika ndio wanaoambiwa sasa msije mkampumzikia mtu mgongoni. Sista alisema wao walianza na jiko kwa sababu ndilo walilonalo. Mama mpishi aliendelea kula. Alisema tu kwamba kiburu cha jana ni kitamu kuliko cha leo, na hapo nakubaliana naye kabisa.

Nikiwa naosha sahani ikanijia picha ya Tabata. Dada wa dukani alikuwa kwenye kiti tangu saa 1 asubuhi, simu za mitandao mbele yake, ili mimi niwe huku nasoma zaburi kwa kutulia katikati. Nikafuta mikono, nikaenda kwenye kikapu, nikampigia.

"Dada, funga duka uende nyumbani."

"Saa hizi? Saa 8, ndiyo wateja wanatoka makanisani."

"Funga tu."

Kimya kidogo. "Kuna msiba?"

Jumatatu: Moshi mjini

Alfajiri ukungu ulifunguka na Kibo, kilele cha mlima, ikawa pale juu ya migomba, kubwa kuliko nilivyotarajia, muda wa kutosha kupiga picha chache kabla haijafungwa tena. Sista alinibariki kwa kunishika kichwa, nikamwambia "Milele amina" kabla hajasema kitu.

Moshi nililala usiku mmoja kwa ajili ya basi la asubuhi. Nikazunguka mnara wa saa, nikaingia kanisa kuu la Kristo Mfalme kukaa kidogo, nikanywa kahawa nzuri kwa 4,000. Gesti 30,000 na chai.

Kwa wanaotaka kwenda mafungo upande huu: parokia na sharika nyingi za Kilimanjaro zina nyumba za wageni au zinajua ilipo. Ulizeni ofisi ya parokia au ya usharika wenu wawaandikie utambulisho, inarahisisha. Msiende Desemba, nyumba zote na mabasi yote yamejaa watu wanaorudi kwao. Bebeni soksi nzito, tochi, na viatu ambavyo hamuogopi matope. Fedha taslimu pia, mawakala huko juu wapo lakini floti yao ni ndogo, nasema kama mtu wa kazi hiyo. Asiye Mkatoliki hatalazimishwa kitu; masista hawakunigusia hata mara moja habari ya kuhama dhehebu. Na kwa wasio na haraka kabisa kuna treni ya Dar na Moshi, iliyorudishwa mwishoni mwa 2019. Inasafiri siku maalumu, ulizeni stesheni kabla.

Jumanne na baada ya hapo

Basi 42,000, tairi zote zilifika salama. Hedaru nilichungulia dirishani nimwone mama wa genge, tulipita kwa kasi mno.

Jumapili iliyofuata tulifunga. Dada aliniuliza mshahara itakuwaje, nikamwambia ni uleule. Kamisheni inayopotea kwa siku ile ni kama 18,000, nimeipiga hesabu mara mbili. Wateja wawili wa kudumu wamehamia kwa jirani, mmoja amerudi. Asubuhi kabla ya kufungua nasoma zaburi moja na natulia katikati ya mstari. Siku nyingine nafika nusu mteja anagonga dirisha, naacha hapo.

Kamati ya ujenzi nimewaandikia barua ya kujitoa. Mwenyekiti ameipokea, hajajibu, ila ratiba ya kikao cha Jumapili imetoka na jina langu lipo, nimepangiwa kuleta chai.